Ringi za Njano za Mdogo Wangu

Mama yangu haombi kitu mara mbili. Akikwambia mara ya kwanza ukapuuza, hatakwambia tena. Ataingia jikoni kwake atagongagonga sufuria mpaka mwenyewe uone haya. Kwa hiyo asubuhi ile alipokuja kibandani kwangu hapa Kibiti, ninapotengeneza baiskeli kando ya barabara, nilijua kuna jambo. Alinikuta nimeinamia tairi la mtu wa Mtawanya. Hakuketi, salamu zenyewe alizifupisha.

"Baba, zile ringi za mdogo wako zishushe uzisafishe."

"Ringi zipi, mama?" Nikajitia sijui.

"Alaa! Kwani ana ringi ngapi?"

Alikuwa nazo mbili, ringi za plastiki za BMX, za njano, zenye matawi matano manene mahali pa spoki. Siku hizi huzioni. Vijana wamehamia kwenye bodaboda, na baiskeli zilizobaki ni zile ndefu za kubebea mkaa na madumu ya maji. Lakini wakati ule kijana mwenye BMX ya ringi za plastiki alikuwa mtu, akipita wasichana wanageuka na wazee wanasonya. Mdogo wangu aliipata yake kwa kubadilishana na bwana mmoja wa Dimani. Alitoa majogoo wawili na redio. Majogoo walikuwa wake. Redio ilikuwa yangu! Nilimkimbiza mzingo mzima wa nyumba, yeye anakanyaga pedeli huku anacheka, ananiambia, "Kaka, redio yenyewe ilikuwa inakamata stesheni moja, tena kwa kukoroma!" Nilikasirika kweli. Mpaka leo nikiikumbuka redio ile nakasirika, halafu nacheka, halafu nanyamaza.

Ni miaka kumi na tisa sasa tangu apotee. Na safari iliyompoteza ilikuwa yangu, hilo nalisema mwenyewe kabla hujalisikia kwa mtu. Kulikuwa na mteja wa Mbwera aliyeagiza matairi na minyororo, na mimi ndiye niliyekuwa nimpelekee, kwa boti la kutoka Nyamisati. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu na mimi nikaona uvivu. Nikamwambia nenda wewe. Akasema sawa kaka. Baiskeli alitaka kwenda nayo, kule visiwani ajivunie kidogo, ila akazifungua ringi za plastiki akaweka za chuma. "Tope la Mbwera litanichubulia ringi zangu," alisema. Akazitundika jikoni kwa mama, kwenye vigingi viwili vya ukutani juu ya mafiga, akatoka anapiga mluzi.

Boti lilipinduka pale mto unapokutana na bahari. Waliojua kuogelea walitoka. Wengine waliokotwa siku ya tatu wamekwama kwenye mizizi ya mikoko, wakazikwa. Yeye hakuonekana, hakikuonekana kiatu chake, haikuonekana baiskeli. Tulizunguka mito midogo yote ile kwa mtumbwi mpaka viganja vikachubuka. Nilikuwa nikiona gogo majini naita jina lake.

Wiki ya pili wanaume wa ukoo wakakaa, wakasema tumsomee hitma, yaliyobaki tumwachie Mungu. Mama akatoka ndani kichwa wazi, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada yake. Akasema, "Maiti iko wapi? Hamjaniletea maiti, mnaniletea masufuria ya pilau! Atakayekula wali wa mwanangu, naye hajazikwa, na umkwame." Nani angekula? Watu waliondoka mmoja mmoja wanatafuta ndara zao, na hitma haikusomwa. Tangu siku ile, nyumbani kwetu marehemu wote wanaombewa dua kwa majina, babu, bibi, baba, yeye anarukwa. Ramadhani mama anamtengea futari yake kwenye bakuli, inapoa, anaila mwenyewe kwa daku. Mtu akija na habari kwamba kuna kijana kaonekana Kilwa anafanana naye, mama hataki kusikia la pili, ananituma. Kilwa nimekwenda. Nikaonyeshwa mtu mwenye umri wa baba yangu, meno yamemtoka nje, hafanani na mdogo wangu hata kwa kivuli. Nilirudi nikamwambia mama siye. Akanijibu, "Haya. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Watu huniuliza kwa nini simwambii ukweli. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hebu na aje mmoja wao amwambie!

Sasa mwaka huu anataka ringi zisafishwe. Kwa nini sasa? Alinieleza jioni, tumekaa barazani mimi na mke wangu na yeye.

"Nimemwota," alisema. "Mara tatu. Kasimama mlangoni jikoni, kalowa chapachapa, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kizingiti. Ananiuliza, mama, ringi zangu? Mara zote tatu, neno hilohilo."

Mke wangu aliinamisha uso. Mimi nikatazama barabarani. Kwetu hapa hata mtoto wa madrasa anajua maana ya ndoto hiyo. Aliyekufa akija ndotoni amelowa, anadai kitu, huyo anataka dua. Ana dhiki huko aliko na walio hai wamemsahau. Lakini mama uso wake ulikuwa umechangamka.

"Anarudi," akasema. "Mtu haulizii kitu chake kama harudi. Zisafishe, baba, zing'ae. Siku utakayozimaliza nitapika."

Chumbani mke wangu akaninong'oneza, "Mume wangu, mtu yule anaomba dua." Nikamwambia nyamaza. Nilimfokea, na hakustahili. Nilikuwa nimeshaiona siku hiyo ya kupika. Mama ana presha, amekonda, anapanda ngazi mbili za baraza anashika ukuta. Nikizimaliza ringi, atapika wali na samaki wa nazi, atajifunga kanga mpya, atakaa mlangoni. Jua litazama. Na yeye hatakuja, kwa sababu hayupo wa kuja. Nilijua mama hataamka kutoka kwenye kiti kile. Kwa hiyo nikaamua, kazi hii ya siku mbili mimi nitaifanya polepole mpaka asahau. Mama yangu! Asahau!

Nilizishusha kesho yake. Lo! Miaka kumi na tisa ya moshi wa kuni na mafuta ya samaki. Huoni njano, huoni tawi, ni mabonge mawili meusi yananata kama tako la sufuria. Matairi yalikuwa yamekauka mpaka yanalia ukiyabonyeza, nikayakata kwa kisu. Ekseli ya nyuma ilikuwa imeshika kutu. Hapo nikafanya papara, nikachukua nyundo nikaigonga. Tak! Tawi moja likapata ufa, mdogo, upana wa unywele, karibu na kitovu cha ringi. Nilihisi umenipita mimi mwenyewe ubavuni. Nikaweka nyundo chini nikasema samahani. Nilimwomba nani samahani sijui, ila nilisema kwa sauti.

Fundi mzee aliyenifunza kazi, Mungu amrehemu, aliwahi kuniambia kwamba plastiki ya ringi hizi ina kiu. Ikikaa na maji haivunjiki, unaweza kuruka nayo ukuta. Ikikaa pakavu miaka, inakuwa biskuti. Dawa yake ni kuiloweka iyanywe maji tena kabla hujaigusa. Nikachukua nusu pipa, nikaliweka uani nyuma ya jiko la mama, nikalijaza maji ya kisima, nikazizamisha ringi zote mbili na jiwe juu yake. Siku tatu zingetosha. Mimi niliziacha tisa.

Kila asubuhi mama anakuja na mkongojo wake anachungulia.

"Bado?"

"Bado zinakunywa, mama."

"Zinakunywa nini, chai? Maana hata mgonjwa hanywi hivyo."

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Mh. Na wewe ulivyo na subira, tunakujua."

Anaondoka. Nami nabaki na pipa langu, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Maji yalikuwa yanapungua. Kila siku yanapungua vidole viwili, naongeza, yanapungua. Jua lile, najua ni jua, sikuzaliwa jana. Lakini nilikuwa nikiongeza maji natazama pembeni. Masizi yalikuwa yanatoka nyuzinyuzi yanaelea, na chini yake vitu viwili vya duara vimelala vinanitazama. Sikuweza kuangalia kitu kilicholala chini ya maji. Nilikuwa naogopa, nasema kweli, mwanamume mzima mwenye mvi naogopa pipa.

Halafu sauti. Ringi za plastiki zina sauti yake kwenye changarawe, si kama za chuma. Ni nzito, ya uwazi, huuu, inaanza mbali inapita inakwisha. Sauti hiyo sikuwa nimeisikia miaka kumi na tisa. Siku ya nne ya kuloweka niko kibandani, nakaza breki ya mtu, nikaisikia inatoka upande wa nyumbani. Nikainua kichwa. Barabara nyeupe, bodaboda moja imepaki, mbuzi wawili. Siku ya sita tena, saa za asubuhi kweupe. Siku ya saba nikaisikia mpaka ikapita nyuma ya mgongo wangu, nikageuka na spana mkononi, nikamfokea mteja maskini, "Nani kapita hapo?" Akasema, "Hajapita mtu, fundi." Akachukua baiskeli yake haijamalizwa akaenda zake. Sikumlaumu. Nilikaa chini nikalia, kwa mara ya kwanza tangu tuliposhuka kwenye ule mtumbwi wa kumtafuta. Nililia kwa sababu ya manyunyu yale na uvivu wangu.

Siku ya kumi nikaona sasa basi. Nikimchelewesha mama namtesa, na mimi mwenyewe nateseka. Nikazitoa ringi majini. Sasa kuziosha. Nilijaribu mafuta ya taa kwenye sehemu moja, plastiki ikafubaa. Stili waya inachora. Sabuni ya unga masizi yale yanaicheka. Mke wangu akasema, "Mbona usitumie mkunazi? Mimi nawaoshea wanao nywele, unatoa uchafu na haukwaruzi." Kweli. Nikachuma majani ya mkunazi kwa jirani, mke wangu akanitwangia kwenye kinu, tukavuruga kwenye ndoo mpaka likatoka povu la kijani.

Niseme jambo moja juu yangu hapa. Mtaani kwetu mimi ni miongoni mwa wanaume wanaoitwa mtu akifa. Naosha maiti. Haina mshahara kazi hiyo, unafundishwa na waliokutangulia, unashika leo, unashika kesho, mkono unazoea. Kwa upande wa wanawake, aliyekuwa akiitwa miaka yote, mpaka magoti yalipomkatalia, ni mama yangu. Yeye ndiye aliyenifunza namna ya kumgeuza mtu bila kumuumiza. Mimi nilikuwa nacheka, namwambia mama, maiti haumii. Akanipiga kofi la bega.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne. Mama alikuwa kaniaga anakwenda kumwona mgonjwa nyumba ya pili, na mke wangu yuko shambani. Uani niko peke yangu. Nikaweka benchi kivulini, nikailaza ringi ya kwanza juu yake, taratibu kwa sababu ya ule ufa. Nikatafuta kitambaa nikaifunika, vumbi lisije likashika mahali penye maji. Ndivyo nilivyojiambia. Nikafunga kitambaa kingine mkononi. Nikachota povu kwa kata, nikamwaga.

Ringi ni duara, haina kulia wala kushoto. Lakini mimi nilianza upande wa kulia. Nikafunua kidogo, nikasugua polepole kwenda chini, nikafunika. Nikaigeuza kwa mikono miwili nikafanya upande wa kushoto. Nikamwaga maji ya kusuuza. Masizi yakashuka meusi tii yakaingia mchangani. Mara ya pili. Mara ya tatu, njano ikaanza kuonekana, kwanza kama doa, halafu tawi zima, njano ileile. Kwenye maungio bado kulikuwa na weusi, nikaendelea. Ya nne, ya tano. Midomo yangu ilikuwa inasema maneno na mimi siisikii. Nilikuwa nimetulia vile ambavyo sijatulia tangu ringi zile zishushwe. Sauti ya barabarani ilikuwa haipo. Nikamwaga ya sita, nikasuuza, nikawa naikausha kwa kuigusagusa, na hapo nikaona miguu.

Miguu ya mama. Kasimama kwenye pembe ya jiko, mkongojo mkono mmoja, mkono wa pili kaushikilia uzio wa makuti. Sijui alikuwa amesimama tangu lini.

Ndipo na mimi nikajiona. Benchi. Kitambaa juu, kitambaa mkononi. Kuanza na upande wa kulia. Mkunazi uleule wa kuoshea maiti. Dua mdomoni. Nilikuwa nimemuosha mdogo wangu uani kwa mama yake, mchana kweupe, bila kumuuliza mwenye mwana. Hitma aliikataa mbele ya ukoo mzima, na mimi nimefanya zaidi ya hitma! Na sheikh akisikia ataniambia nini, plastiki inaoshwa kama mwanadamu? Wallahi sikukusudia. Ni mkono. Nilitaka kusema mama, hii ni sabuni tu, naondoa masizi, na ulimi ulikataa, maana mama yangu ameosha watu wengi kuliko mimi. Uongo gani ungemwambia mtu kama huyo?

Nikangoja anifokee. Nilitaka anifokee, aniite muuaji, maana safari ile ilikuwa yangu na hajawahi kunitamkia hata siku moja.

Alikuja polepole mpaka kwenye benchi. Akachovya kidole kwenye ndoo, akakinusa.

"Mkunazi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nani kakwambia uweke mkunazi?"

"Mke wangu... mkwe wako. Kwa ajili ya masizi. Mama, mimi sikuwa..."

"Nyamaza kwanza."

Akaitazama ringi, ile njano inayotoka chini ya kitambaa. Pumzi yake ilikuwa inakwenda juu juu, nikaogopa presha, nikanyoosha mkono nimshike, akausukuma. Kisha akanishika bega, akajiteremsha magoti yale mabovu mpaka akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi kilichokuwa pembeni. Kitambaa kilikuwa kimeteleza upande mmoja. Akakivuta akakiweka sawa, akakipapasa kwa kiganja, mara moja, mara mbili.

"Alikuwa kalowa, baba," akasema. "Mara zote tatu. Kalowa na anatetemeka, na mimi namwambia subiri, subiri."

Alilia bila sauti. Mimi nililia kwa sauti. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyemtuma." Akasema, "Najua. Nilikuwepo. Hebu futa uso, machozi yasidondoke hapo."

Nikafuta kwa mkono wa shati. Tukakaa. Nyuma ya uzio watu walikuwa wanapita wanasalimiana, kuku wanapekua, maji meusi yanazama mchangani. Mimi sikujua nifanye nini, niendelee au nikusanye vitu vyangu niondoke. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Umefika ya ngapi?"

Maiti haishii kwenye hesabu ya shufwa. Utamuosha mara tatu, au tano, au saba, mwisho wake lazima uwe witiri. Mtu anayejua anapokuuliza umefika ya ngapi, haulizi habari za masizi.

"Ya sita, mama."

Akaichukua kata mkononi mwangu. Akaichovya ndooni mwenyewe, akaitoa imejaa mpaka ukingoni, akanirudishia.

"Basi usimwachie sita," akasema.